Abiria hatuingii gari lililozimwa

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: wananchi wa kawaida wafanye nini kupunguza moshi wa magari yanayosimama bila kuzimwa? Nina kibanda cha kuweka na kutoa pesa kando ya steji ya matatu huku Umoja, kwa hivyo moshi huo naumeza kutwa. Ninavyoona mimi, tuanze na abiria.

Dereva wa matatu hapendi kuchoma mafuta bure. Anaacha injini ikinguruma kwa sababu sisi hatuingii gari lililozimwa, na makanga analijua hilo. Atagonga bodi, dereva akanyage mafuta, gari lisogee hatua mbili kisha lirudi, na kina mama wenye mizigo wakimbie wakidhani sasa linatoka. Pengine hata wale vijana walioketi ndani si abiria. Wamekalishwa ili gari lionekane limejaa, na huteremka mmoja mmoja kadiri wenye nauli wanavyoingia. Mchezo huo unaweza kula nusu saa nzima, na gari la nyuma nalo linanguruma vilevile. Jioni nikipangusa kioo cha kaunta, kitambaa hutoka cheusi. Vumbi la Umoja nalijua, ni jekundu-jekundu na hupepea. Haya ni masizi yanayoteleza vidoleni kama grisi.

Mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli dizeli yetu Afrika Mashariki ilisafishwa, na tangu 2015 kiwango cha salfa hakitakiwi kuzidi sehemu 50 kwa milioni. Lakini injini iliyochoka hutoa moshi hata ukiipa mafuta safi, na mtoto wa chekechea akipita nyuma ya gari, pua yake haiko mbali na bomba.

Basi wenye vibanda, mama mboga na wazee wa Nyumba Kumi tulimwendea msimamizi wa steji. Mabango hatukubeba, tulizungumza habari ya mafuta yanayoteketea gari likiwa limesimama, maana hayo yanatoka mfukoni mwa dereva. Tukakubaliana: gari la mbele pekee ndilo lipakie, nalo liwashwe likishajaa. Kilichoyashikilia makubaliano hayo ni ubao uliotundikwa ukutani kwangu, unaoandikwa kwa chaki namba za magari kwa zamu. Abiria anasoma, anajua linalofuata, na ule mngurumo haumbabaishi tena. Mvua ikinyesha kila mtu husahau ubao, hilo siwafichi.

Madereva wengine walibisha kwamba kuzima na kuwasha ndiko kunakokula mafuta. Idara ya Nishati ya Marekani inasema gari likisimama zaidi ya sekunde 10 hivi huku likiwaka, limeshatumia mafuta kuliko ya kuliwasha upya. Lakini mwenye stata mbovu simlaumu akiogopa kuzima, kwa kuwa anayesukuma ni yeye na makanga wake. Hapo dawa ni mwenye gari kununua stata.

Jirani yangu alipendekeza tufanye kama New York, ambako raia anayeripoti lori au basi lililoachwa likinguruma hupata sehemu ya faini. Huku kwetu, nahofia tungekuwa tumefungua mlango mwingine wa kitu kidogo.

Kinachotushinda kwa sasa ni lango la shule lililo mtaa wa pili. Matatu zina msimamizi unayeweza kumketisha chini mkaongea. Mzazi aliyekuja na gari lake, vioo juu, kiyoyozi kikivuma, akisubiri kengele ilie, hana mwenyekiti. Tumemwomba mwalimu mkuu aliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wa wazazi. Mlinzi wa lango naye anasema yuko tayari kuwagongea vioo, mradi apewe barua yenye muhuri wa shule.