Walitoa tezi moja, dawa zikabaki moja

Presha ilinianza nikiwa na miaka 29. Nilipofika 41 nilikuwa nameza dawa nne kila siku na mashine bado inasoma 170 kwa 105. Nikipanda ngazi za shuleni miguu inalegea, usiku naamka mara nne kwenda haja ndogo. Madaktari wengi waliniambia nipunguze mawazo. Mmoja akatazama majibu ya damu, akauliza: mbona potasiamu yako iko chini hivi, 2.8? Swali hilo ndilo lililonifikisha India, kwenye meza ya upasuaji.

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo. Yangu ya kushoto ilikuwa na uvimbe mdogo unaomwaga homoni ya aldosteroni kupita kiasi, na homoni hiyo hufanya mwili ushikilie chumvi na kutupa potasiamu kwenye mkojo. Kabla ya upasuaji walinipitisha mrija kwenye mshipa wa paja wakachota damu ya kila tezi peke yake. Ukiambiwa una tatizo hili, hasa kama umevuka miaka 35, ulizia kipimo hicho. Picha ya CT huonyesha uvimbe, haikuhakikishii ni tezi ipi yenye kosa.

Nilitobolewa matundu manne, kubwa lao upana wa kidole. Michel Gagner na wenzake wa Montreal walitangaza njia hii mwaka 1992. Kabla yake mgonjwa alichanwa jeraha refu. Usiku wa kwanza kilichonitesa si vidonda, ni bega! Tumbo hujazwa gesi ili daktari aone vizuri, nayo huchokoza msuli ulio chini ya mapafu, maumivu yakatokea begani. Nilitembeatembea wodini, siku ya pili yakaisha. Siku ya tatu nikaruhusiwa.

Nililokosea ni madafu. Kabla ya upasuaji nilihimizwa ndizi na madafu ili potasiamu ipande, basi niliporudi nyumbani mama mkwe, kwa upendo wake, akawa ananifulia dafu kila asubuhi. Wiki ya pili potasiamu ikasoma 5.6. Tezi iliyobaki ilikuwa imezoea kulala, haijaanza kazi sawasawa, na potasiamu ikizidi mno husimamisha moyo. Kabla hujatoka hospitali uliza ni dawa zipi unaacha siku hiyohiyo, hasa vidonge vya potasiamu na spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni, na mwezi wa kwanza pima damu kila wiki.

Presha yenyewe haikuondoka yote, na hili nilitamani mtu aniambie mapema. Katika utafiti wa kimataifa wa mwaka 2017 uliofuatilia wagonjwa 705 waliotolewa tezi moja kwa tatizo kama langu, homoni zilikaa sawa kwa asilimia 94, lakini walioacha kabisa dawa za presha walikuwa asilimia 37. Asilimia 47 walipata nafuu tu. Mimi ni wa hao wa nafuu. Nimebaki na dawa moja, 128 kwa 82, na siku nilipojua nitaendelea kuimeza nililia sana. Vijana, wanawake na walioishi na presha miaka michache hupona zaidi. Mimi nilichelewa miaka 12. Kama potasiamu yako iko chini au dawa tatu hazikutoshi, omba upimwe aldosteroni sasa.

Anayetolewa tezi zote mbili safari yake ni nyingine. Kitanda cha jirani alilala dada wa Mombasa aliyetolewa zote kwa sababu ya kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizi, iliyozidi. Atameza haidrokotisoni na fludrokotisoni, dawa zinazoziba pengo la homoni za tezi hizo, maisha yake yote. Akipata homa anaongeza haidrokotisoni maradufu. Akitapika vidonge anakimbilia sindano ya haidrokotisoni, bila kungoja kupambazuke. Alishona kifuko cha kanga cha kuwekea sindano hiyo, na kadi ndani yake imeandikwa kwa herufi kubwa: SINA TEZI ZA ADRENALI, NICHOMENI KWANZA.