Kamera imegoma, ngoma nazo zinapotea

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Mikindani, mwezi wa kumi na mbili tunamtoa mwali wetu, ndugu wengine wako Dar wengine Muscat hawawezi kuja, sa mpwa wangu anasomea kompyuta katutengenezea ukurasa wa kurusha laivu, unafungua kwenye brauza unabonyeza kamera na maiki zinawaka, hakuna kupakua apu. Kwenye laptopu yake unapiga kazi vizuri tu. Tukaufungua kwenye simu yangu kwa waifai hiyohiyo, kamera haiwaki wala haiombi ruhusa, nimeingia settingi nimeruhusu kila kitu, wapi! Afu Jumapili tukajaribu kwa laptopu yake na wapigaji wawili, maneno yanasikika ila ngoma zinakuja zinapotea kama mtu anafunga na kufungua mlango. Simu yangu ndo mbovu au maiki?
Mama Mwali, Mikindani

JIBU: Mama Mwali hongera ya shughuli, na simu yako nzima wala usiipeleke kwa fundi akakupiga hela ya bure.

Tuanze na kamera. Muulize mpwa wako anwani mliyoandika kwenye simu inaanza na nini. Nina hakika ni http kavu, haina ile s, afu zinafuata namba 192.168 na kuendelea. Brauza za siku hizi haziupi ukurasa kamera wala maiki kama haujaja kwa https, yani njia iliyofungwa kwa usalama, Chrome ilifunga huo mlango tangu mwaka 2015, na haikuombi ruhusa kwa sababu kwa macho yake hapo hakuna hata cha kuomba, ndo maana umehangaika na settingi bure. Mbona kwa mpwa inafanya kazi? Kwa sababu yeye anafungua kwa localhost, yani mashine inaongea na yenyewe, na hiyo brauza inaiamini. Wanafunzi wengi wanajikwaa hapahapa, kwake sawa kwa mwenzie haifanyi. Aupandishe ukurasa kwenye seva, yani kompyuta ya mtandaoni, yenye https, na cheti kinachotakiwa kwa hiyo https Let's Encrypt wanatoa bure.

Sasa ngoma, na hapa mie mwenyewe niliumizwa kichwa siku moja huku Lindi narusha kaswida, matari yote yalimezwa. Maiki haina kosa. Brauza ikichukua sauti inadhani uko kwenye kikao unaongea na bosi, kwa hiyo inaisafisha, kinachofanana na maneno inakiacha, kisichofanana inakiona kelele kama feni au pikipiki inapita nje. Ngoma kwake ni kelele! Juu ya hapo kuna kitu kingine kinapandisha na kushusha sauti chenyewe, ngoma kubwa ikidunda kinashusha vyote hadi muimbaji anazama, wakinyamaza kinapandisha unasikia hadi kuku wa jirani. Mwambie mpwa pale anapoita getUserMedia, ile amri ya kuomba kamera na maiki, aweke false sehemu tatu: noiseSuppression, autoGainControl na echoCancellation. Ila hiyo ya mwisho ukiizima mjue hakuna tena wa kuzuia mwangwi, kwa hiyo laivu isisikilizwe kwa spika karibu na maiki, itapiga mluzi mtoke mbio, anayekagua avae hedifoni. Na maiki msiitege mbele ya ngoma kubwa, isogezeni upande wa waimbaji.

Kuna moja hukuniuliza lakini ndo itakayowaaibisha siku yenyewe. Huo ukurasa picha inakwenda kwa kila mtazamaji moja kwa moja au inapita kwenye seva? WebRTC, hiyo teknolojia anayotumia, inaruhusu kwenda moja kwa moja na ukijaribu na mtu mmoja inapendeza kweli, ila ndugu 20 wakifungua laptopu inatuma nakala 20, kila moja ikila Mbps 1 (hicho ni kipimo cha kasi ya intaneti) tayari unataka Mbps 20 za kupandisha, kwa hotispoti ya simu hapo Mikindani mtaishia kuona picha zimeganda. Iweko seva inayopokea nakala moja na kugawa yenyewe. Akishindwa, fungueni akaunti ya YouTube mrushe kwa brauza ya laptopu hukohuko, ila laivu ya mara ya kwanza kuwashwa inaweza kuchukua hadi saa 24 kwa hiyo msingoje asubuhi ya shughuli.

Bando si la kutisha. Kwa Mbps 1 ni kama MB 450 kwa saa, mkitaka picha kali ya Mbps 2.5 ni GB 1.1 hivi kwa saa, na hela ya korosho itakuwa imeshaingia.

Halafu dada yangu, hapo uwanjani mwali akitolewa rusheni mpaka mchoke, ila ya ndani ya unyago kamera ibaki nje, na mwali mwenyewe aulizwe kwanza kama anataka Muscat nzima imuone.