Jibu: Benki zirudishe makato ya ovadrafti?

Mkuu umeuliza kama benki zinapaswa kurudisha makato ya ovadrafti (yaani pale akaunti inapotumika zaidi ya salio lililopo), mimi nasema zirudishe, hasa kwa mtu ambaye hakuomba ovadrafti yoyote, akaunti imesoma hasi kwa sababu ada ya mwezi imeingia kabla ya mshahara halafu juu yake anapigwa faini. Unamkata mtu kwa vile hana hela, hiyo sio haki hata kidogo. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyesaini mkataba wa ovadrafti ni kesi nyingine, huyo alipe riba yake.

Uingereza hili lilifika mbali, wateja kibao walidai hela zao kuanzia 2006 hivi na benki nyingi zikawa zinalipa ili zisiende kortini, mpaka Novemba 2009 Mahakama ya Juu ikasema yale makato ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo huwezi kuyapinga kwa hoja kwamba ni makubwa mno. Iliuma sana. Lakini Aprili 2020 msimamizi wa mabenki wa huko akapiga marufuku zile ada za mkupuo, yaani kiasi maalum unachokatwa bila kujali umezidisha kiasi gani, ovadrafti sasa inatozwa riba tu, yaani kelele za wateja hazikwenda bure.

Kwa hapa Dar usiishie kulalamika kaunta, chukua stetimenti, andika barua tawini na nakala yako wagonge muhuri, wakikuzungusha peleka BoT (Benki Kuu ya Tanzania), wana ofisi mtaa wa Mirambo na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019.