Usinunue rili kabla hujapima chambo

Mkuu, usilipe kwanza. Umeuliza aina za rili, vile vifaa vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, zinatofautianaje, ununue saizi gani, uweke mshipi gani, na kama beitikasta, ile rili inayokaa juu ya fimbo, uliyoonyeshwa dukani inakufaa kwa kuwa "ndiyo wanayotumia wazoefu". Halafu mwishoni kabisa ukadokeza kwamba utakuwa unarusha vyambo bandia vya gramu 5 ukiwa umesimama ufukoni. Hizo gramu 5 ulipaswa kuzitaja kwanza, maana ndizo zinazochagua rili.

Kwenye beitikasta, spuli, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi, yenyewe inazunguka. Ukirusha, chambo kinavuta mshipi, na mshipi ndio unaoizungusha spuli. Sasa spuli ina uzito wake, ongeza na mshipi ulioujaza. Chambo cha gramu 5 hakina ubavu wa kuizungusha vizuri, kwa hiyo kinaangukia karibu na miguu yako. Unaongeza nguvu. Spuli inashika kasi ghafla, chambo nacho kwa wepesi wake kinapigwa na upepo na kupoteza mwendo kingali hewani, huku spuli ikiendelea kumwaga mshipi kwa kasi ile ile. Mshipi unakosa pa kwenda, unavimba juu ya spuli, mizunguko ya juu inapenya chini ya mingine, na kufumba na kufumbua una tita lisilo na mwanzo wala mwisho. Kama ni nailoni, hata ukifanikiwa kuifumua, pitisha vidole taratibu: utakuta sehemu zenye kunyanzi, zimeingia weupe. Hapo ndipo itakapokatikia siku samaki wa maana akivuta. Kama ni braidi, mshipi wa nyuzi zilizosukwa, inajichimbia na kujikaza mpaka uikate kwa kisu uitupe.

Beitikasta ya kawaida huanza kutulia kwenye gramu 10 hivi kwenda juu, na anayejifunza aanze na 15 hadi 20. Zipo zenye spuli nyepesi, fupi ya kina, zilizotengenezwa kwa vyambo vidogo, lakini ni za mtu ambaye kidole gumba chake kimeshajua kazi. Hazifai kuwa rili ya kwanza.

Na hasara haiishii kwenye rili. Beitikasta inakaa juu ya fimbo, inataka fimbo yenye kijiti cha kushikia kidole kwa chini na pete ndogo. Rili ya spini inaning'inia chini ya fimbo, na pete ya kwanza lazima iwe kubwa kwa sababu mshipi unatoka ukiwa umejiviringa. Ukikosea rili, umekosea na fimbo. Unanunua vyote mara mbili.

Wauzaji wanaokuambia "ndiyo wanayotumia wazoefu" wananikera kupita kiasi. Mimi pia niliuziwa mbuzi kwenye gunia kwa maneno hayo hayo, na mwenye duka hakuniuliza hata mara moja nitarusha nini. Muuzaji wako atakutajia beringi 12. Muulize ziko wapi. Nyingine zimewekwa kwenye vishikio vya mkono wa kuzungushia, ambako hazikuongezei hata mita moja ya kurusha. Atakutajia uwiano wa 7:1 kana kwamba ni cheo. Maana yake ni kwamba mkono ukizunguka mara moja, spuli inazunguka mara 7: unakusanya mshipi haraka, lakini kukokota kitu kizito kunakuwa kugumu zaidi.

Kama umeshalipa na hairudishwi, basi angalau irekebishe kabla ya kurusha. Funga chambo cha gramu 15 au zaidi. Inua fimbo, bonyeza kitufe cha kuachia spuli, ondoa kidole. Kaza au legeza kile kirungu kidogo cha pembeni, upande wa mkono, mpaka chambo kishuke polepole, na kikigusa ardhi spuli isimame papo hapo. Breki ya sumaku yenye namba 0 hadi 10 ianzie 7 au 8. Kidole gumba kiiguse spuli kidogo kabisa wakati chambo kiko hewani, na kiisimamishe punde tu kabla chambo hakijagusa maji. Ukichelewa hapo, tita linarudi. Na kila ukibadilisha uzito wa chambo, rekebisha upya.

Kwa gramu 5, chukua spini ya saizi 2000 au 2500. Spuli yake imesimama tuli wakati wa kurusha. Mshipi unateleza tu juu ya ukingo, kwa hiyo chambo hakina mzigo wa kuzungusha. Jaza mshipi ubakize kama milimita 2 kufikia ukingo. Ukijaza hadi juu, mizunguko itamwagika kwa mkupuo. Ukijaza pungufu, itakwaruza ukingo na urushaji utakuwa mfupi. Ule upinde wa waya ufunge kwa mkono baada ya kurusha, usiufunge kwa kuzungusha rili, na uvute mshipi kidogo ukaze kabla ya kuanza kukusanya. Samaki akivuta na dragi, ile breki inayoachia mshipi, ikitoa mshipi, acha kuzungusha! Kila mzunguko unaoongeza hapo unausokota mshipi, na msokoto huo utakuletea mafundo siku nzima. Dragi ipime kwa mizani ya kuning'iniza: mshipi unaohimili kilo 4 uanze kutoka kwenye kilo 1 hivi.

Rili yenye kofia na kitufe nayo inarusha vyepesi, ila mshipi wake unakaa mchache. Rili ya flai ni habari nyingine kabisa: pale kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe, na rili kazi yake kubwa ni kuuhifadhi. Zile ngoma kubwa za kukokotea nyuma ya boti hazikuhusu ukiwa ufukoni.

Kabla ya kurudi dukani, weka chambo chako kwenye mizani ya jikoni, pamoja na ndoano zake na chubwi kama unatumia, kisha soma namba za gramu zilizoandikwa kwenye fimbo, juu kidogo ya mpini. Uzito wa chambo ukiwa chini ya gramu 10, beitikasta iache kwenye rafu. Leta hizo namba mbili hapa leo, fimbo na chambo, kabla hujatoa hela.