Kiuvimbe kinenani kinarudi ndani nikilala, hii ni ngiri?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 34, nabeba magunia ya dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mwezi wa 5 huu nina kiuvimbe kinenani upande wa kulia, nikikohoa au nikinyanyua mzigo kinatokeza, nikilala kinarudi chenyewe. Mmoja kaniambia ni ngiri ninywe mizizi, mwingine anasema busha na nguvu za kiume zitaisha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa ulivyoeleza inafanana sana na ngiri ya kinena, ila lazima daktari akupime kwa mkono, ukisimama na ukikohoa. Busha ni maji yamejaa kwenye mfuko wa korodani, na kwa mtu mzima kwa kawaida hayarudi ndani ukilala.

Ulipokuwa tumboni kwa mama korodani zako zilikuwa juu huko karibu na figo, zikashuka taratibu mpaka kwenye mfuko wake na njia zilikopita ikabaki, kinjia cha kama sentimita 4 hivi kimekatiza ukuta wa tumbo kimshazari, juu kidogo ya mkunjo wa paja, humo ndo unapita mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani. Hapo ukuta ni dhaifu, ndo maana wanaume tunaugua hii kuliko wanawake. Ukibana pumzi kuinua gunia, tumbo linasukuma utumbo au mafuta yake yatokee hapo. Wengine wanazaliwa na njia haijafunga vizuri, wengine misuli imelegea kwa umri au kikohozi cha muda mrefu, kwa hiyo usijilaumu kwa kazi yako.

Mizizi hapana jamani! Tundu halizibwi kwa kunywa kitu, na mkanda wa kubana kinena unazuia tu. Dawa ni upasuaji, wanarudisha utumbo ndani halafu wanaimarisha ukuta kwa nyuzi au kwa neti. Hata hapo jirani Uganda utafiti uliotoka 2016 ulionyesha neti ya bei rahisi, ya kitambaa kama cha chandarua ila imetakaswa kwa ajili ya upasuaji, ilifanya kazi sawa na ya bei mbaya. Ukishafanyiwa usiguse gunia wiki 4 hadi 6. Nguvu za kiume ngiri haiziui, hilo toa kichwani.

Dada zetu nao wana ngiri yao, inatokea chini ya mkunjo wa paja pembeni ya mshipa mkubwa wa damu, ndogo lakini inajinyonga upesi zaidi.

Sasa sikia vizuri. Siku kiuvimbe kikigoma kurudi, kikawa kigumu na kinauma, unatapika, choo wala upepo havitoki, hapo utumbo umebanwa, damu haifiki na ndani ya saa chache utumbo huo unaanza kufa. Nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, na njiani usile wala kunywa chochote maana unaweza kupelekwa chumba cha upasuaji moja kwa moja.