Kwa mnaoanza uzamili wa Siasa na Utawala wa Umma: swali lenu lipo kwenye "yatokanayo"

Ndugu zangu mnaoanza mwaka huu, karibuni. Nawaandikia ninyi mliodahiliwa kusoma shahada ya uzamili ya Sayansi ya Siasa au ya Utawala wa Umma, iwe Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Mzumbe au Dodoma, na hasa ninyi mnaotoka kazini kwa ruhusa ya masomo. Mimi nilisoma Mlimani, sasa niko serikali za mitaa, na kila mwaka wanafunzi huja ofisini kwetu na barua za utafiti. Wengi wana akili na bidii ya kutosha. Kinachowachelewesha ni kwamba wamekuja na mada, hawajaja na swali.

Mada ni kama hii: "Mchango wa utawala bora katika maendeleo ya serikali za mitaa Tanzania." Ukimuuliza mwenye mada hiyo anataka kujua nini hasa, atakusomea mada yenyewe tena kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna ofisi, faili wala mtu atakayeweza kumjibu, kwa sababu hajauliza kitu. Swali ni kama hili: kwa nini kata mbili za halmashauri moja, zenye Afisa Maendeleo ya Jamii kila moja, zinatofautiana sana katika kurejesha mikopo ya asilimia kumi, ile inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri? Hapo mtu anajua aende wapi, aombe karatasi gani na amwone nani.

Nautumia mfano wa asilimia kumi kwa sababu karibu siasa na utawala wote wa halmashauri umo ndani yake. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikawa zinataja mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, utoaji ukasitishwa mwaka 2023 ili utaratibu uangaliwe upya, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Jiulize mwenyewe: nani huamua kikundi gani kipate? Diwani anasema nini kikundi cha kata yake kikikosa? Afisa anayetakiwa kufuatilia marejesho ana usafiri? Kila moja ya hoja hizo inatosha tasnifu nzima, na majibu yake yapo kwenye makabrasha ya halmashauri.

Mwanafunzi akifika ofisini, kitu cha kwanza anachotaka ni kugawa dodoso. Namsihi asubiri. Aombe kwanza mihtasari ya vikao: Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inayokaa kila mwezi, na Baraza la Madiwani linalokaa kila robo mwaka. Ukiipata, usiisome kama gazeti. Nenda moja kwa moja kwenye agenda ya "Yatokanayo na kikao kilichopita." Hapo huandikwa kile kilichoagizwa kikao kilichotangulia na hatua iliyofikiwa. Weka mihtasari ya mwaka mzima mezani, uifuate agenda moja kuanzia robo ya kwanza mpaka ya nne. Utakuta jambo limeagizwa Oktoba, Januari limeandikwa "utekelezaji unaendelea," Aprili "utekelezaji unaendelea," Julai limetoweka bila maelezo. Hapo ndipo penye swali lako. Nani aliliondoa? Fedha zilikosekana, au liligusa maslahi ya mtu, au mkuu wa idara alihamishwa na mrithi wake hakuachiwa faili? Ukishajua uamuzi umekwama wapi, mahojiano yako yatakuwa na kazi ya kufanya.

Mihtasari iunganishe na nyaraka ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. CAG humkabidhi Rais ripoti zake kufikia Machi 31 kila mwaka, nazo hufikishwa bungeni mkutano wa bajeti unapoanza Aprili. Ipo ripoti inayojitegemea ya mamlaka za serikali za mitaa. Usiishie kwenye aina ya hati iliyopata halmashauri yako, maana hati safi inahusu namna hesabu zilivyotayarishwa na kuwasilishwa, haikuambii kama zahanati ina dawa. Soma hoja za ukaguzi zenyewe, na hasa hoja za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa. Kisha nenda kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, uone mbunge wa eneo hilo aliuliza nini kuhusu jambo hilohilo na Naibu Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) alijibu nini. Muhtasari, hoja ya ukaguzi na jibu la bungeni vikikaa pamoja vikapingana, una jambo la kuandika ambalo msimamizi wako hajawahi kulisoma.

Sasa kibali. Chuo hukupa barua inayokutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa nao hukuandikia barua kwenda wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi kwa Watendaji wa Kata, Mtendaji wa Kata kwa Mtendaji wa Kijiji, na kijijini utapelekwa kwa Mwenyekiti wa Kitongoji. Ngazi hizi usizichukulie kama usumbufu ulio nje ya utafiti. Daftarini andika tarehe uliyopeleka barua, masjala iliyoipokea, nani aliipangia dokezo na siku uliyojibiwa. Ni kumbukumbu ya namna karatasi inavyotembea serikalini, nawe unasomea mambo hayohayo. Beba nakala za kutosha, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na andika kumbukumbu namba ya barua mahali pengine, kwa sababu "barua yako haionekani" ni sentensi utakayoisikia. Ukiwa na namba na tarehe, mhudumu wa masjala ataitafuta. Ukiwa huna, utaambiwa urudi kesho.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo Juni ni mwezi wa kufunga malipo na hakuna mhasibu wala afisa mipango mwenye nafasi ya kukaa nawe. Wakati bajeti inaandaliwa, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Februari hivi, wanakuwa na shughuli nyingi, lakini ukiruhusiwa kukaa pembeni usikilize, nenda. Hakuna darasa zuri zaidi ya hilo. Mwaka wa uchaguzi mkuu madiwani humaliza muda wao na baraza huvunjwa, hivyo kama utafiti wako unawategemea, panga mapema.

Kwenye mahojiano, acha maswali yanayojibiwa kwa lugha ya semina. Ukimuuliza Mtendaji, "Je, wananchi wanashirikishwa katika kupanga maendeleo?" atakujibu, "Ndiyo, wanashirikishwa kikamilifu." Hajakudanganya. Amekupa jibu linalolingana na swali. Uliza kuhusu tukio. Mkutano mkuu wa kijiji wa mwisho ulifanyika lini? Sheria inataka uwepo angalau kila miezi mitatu. Taarifa ya mapato na matumizi alisoma nani? Nani alisimama kuuliza, aliuliza nini, na alijibiwaje? Uliofuata uliahirishwa kwa nini? Omba kuona daftari la mahudhurio, na ukitoka nje tazama ubao wa matangazo: karatasi iliyobandikwa ni ya robo ipi? Nimewaona wanafunzi wakirudi na madodoso mia yaliyojaa alama za vema, na mwingine akarudi na maelezo ya mikutano miwili tu aliyoifuatilia kwa undani. Huyu wa pili ndiye tuliyemwita atueleze alichokigundua.

Nadharia ije baada ya hapo. Najua mapendekezo ya utafiti yanadai sura ya nadharia mapema, nami siwaambii muiruke. Ninachosema ni kwamba usichague nadharia kama mtu anayechagua sare. Michael Lipsky, Mmarekani, alieleza mwaka 1980 kwamba mtumishi wa ngazi ya chini anayekutana na wananchi ana uhuru wa kuamua, na maamuzi yake madogo ya kila siku ndiyo sera halisi wanayoiona wananchi. Hoja hiyo inamfaa sana Afisa Maendeleo ya Jamii mwenye vikundi vingi na pikipiki isiyo na mafuta. Lakini kama mihtasari imekuonyesha kwamba uamuzi ulikwamia kwa wakuu wa idara, Lipsky hakusaidii, hata kama darasa zima linamtumia.

Na hapa niseme jambo linalonigusa. Wengi mnaotoka utumishi wa umma huja mkitaka utawala tu, siasa muwaachie wanasiasa. Woodrow Wilson, msomi Mmarekani aliyekuja kuwa Rais wa nchi yake, aliandika mwaka 1887 kwamba utawala uko nje ya uwanja wa siasa, na hoja yake bado inafundishwa. Ipimeni hapa nyumbani. Mkurugenzi wa Halmashauri ni mteule wa Rais na ndiye katibu wa baraza la madiwani waliochaguliwa na wananchi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichowafanya wakurugenzi kuwa wasimamizi wa uchaguzi ni kinyume cha Katiba. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Someni hukumu zote mbili, halafu mniambie mpaka kati ya mtawala na mwanasiasa upitishwe wapi.

Rudini nyuma zaidi. Mwaka 1972 serikali ilianza kuziondoa halmashauri kwa sera iliyoitwa madaraka mikoani, na maamuzi yakahamia kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Mamlaka za miji zilirudishwa mwaka 1978, kisha sheria namba 7 na 8 za mwaka 1982 zikazirudisha halmashauri Tanzania Bara, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Mfumo wa halmashauri unaoufanyia utafiti leo ulizaliwa mara ya pili kwa sheria hizo, na mvutano kati ya Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi na Mwenyekiti wa Halmashauri huwezi kuuelewa kwa kusoma muundo wa ofisi peke yake. Ni historia ya siasa iliyokaa ndani ya utawala.

Kwa mnaotafiti ofisi zenu wenyewe, neno moja zito. Mtumishi wa chini yako atakujibu unachotaka kusikia, na bosi wako atataka kusoma rasimu. Kama unaweza, chukua halmashauri nyingine. Kama huwezi, tumia zaidi nyaraka kuliko mahojiano, na mwambie msimamizi tangu mwanzo kwamba ni ofisini kwako. Lindeni pia waliowaamini. Kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata fulani," umemtaja, kwa sababu yupo mmoja tu. Andika "mtumishi wa ngazi ya kata," kata zenyewe zipe herufi, na kama maneno yake yanaweza kutambuliwa na mkubwa wake, yaeleze kwa lugha yako. Mtu aliyekuambia ukweli kuhusu vikundi hewa atabaki palepale wewe ukiwa umeshavaa joho.

Kwa msimamizi, usiende mikono mitupu kumwambia "nimekuja kushauriana." Peleka ukurasa mmoja: swali, ulichokikuta tangu mlipoonana, unapokwama. Na kabla hujaanza kuandika sura kwa Kiingereza, andika hoja yako yote kwa Kiswahili katika aya moja, umsomee mtu wa nyumbani asiye wa fani yako. Akiuliza "kwa hiyo nini kilitokea?", hoja haijakamilika.

Mkimaliza, rudisheni kitu. Nakala nene ya tasnifu itawekwa kabatini na hakuna atakayeifungua. Andaa kurasa mbili kwa Kiswahili, weka ulichokikuta na jedwali moja, umpelekee Afisa Mipango, Mwenyekiti wa Halmashauri na Watendaji wa kata ulizozipitia. Omba kurasa hizo ziingizwe kwenye makabrasha ya kikao cha kamati kinachofuata. Kamati ikizijadili, zitaingia kwenye muhtasari, na robo inayofuata zitasomwa kwenye yatokanayo.