“Amechukua kwa Wajomba” Si Jibu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: tabia na uwezo wa mtoto hutokana na damu au malezi? Nafundisha shule ya msingi hapa Newala, na swali hili hunifikia kila wazazi wanapokuja kuchukua ripoti. Mara nyingi huja likiwa limeshajibiwa: “Mwalimu, huyu usijisumbue, amechukua kwa wajomba zake.” Huku kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, basi mjomba hubebeshwa lawama kuliko baba.

Damu na malezi hufanya kazi pamoja, hilo sibishani nalo. Ninachopinga ni imani kwamba kilichorithiwa hakisaidiki. Imani hiyo inawaumiza watoto.

Tazameni ualbino. Ni wa kurithi bila ubishi: kwa kawaida mtoto hupokea jeni yenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama, nao wazazi wanaweza wasiwe na dalili yoyote. Rangi hupungua kwenye ngozi, nywele na macho, na jicho lililokosa rangi ya kutosha halikui sawasawa, hivyo mtoto hupata shida kuona mbali hata akivaa miwani. Damu imeishia hapo. Yanayofuata tunayatenda sisi. Niliwahi kumpokea msichana aliyehamia kwetu na sifa mbaya: kichwa kizito, mkaidi, haandiki, anachokoza wenzake. Huko alikotoka alikalishwa dawati la nyuma. Tulimweka mbele karibu na ubao, mbali na dirisha kwa kuwa mwanga mkali humuumiza, nami nikawa namwandikia kazi kwa herufi kubwa daftarini. Muhula haujaisha alikuwa anasoma hadithi kwa sauti mbele ya darasa, na uchokozi umepungua. Jeni zake ni zilezile.

Upo pia ugonjwa wa fenilketonuria, uliotambuliwa na daktari wa Norway, Asbjørn Følling, mwaka 1934. Mtoto huzaliwa na mwili usioweza kuvunjavunja sehemu moja ya protini, ambayo hujikusanya na kuharibu ubongo. Katika nchi zinazopima damu ya watoto wachanga, anayebainika huanzishiwa lishe maalumu mapema, na akili yake hukua vizuri. Ugonjwa umo ndani ya damu, kinga yake imo kwenye chakula.

Kuhusu asilimia, nitakaa kidogo, maana zinapotosha wengi. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti za miaka 50 zinazolinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, ili kupima nguvu ya urithi, wakakuta kwamba, kwa wastani, asilimia 49 ya tofauti baina ya watu inahusiana na urithi. Msomaji anaweza kudhani nusu ya mtoto wake ni damu na nusu ni malezi. Sivyo. Asilimia hiyo inahusu tofauti katika kundi la watu, na kundi likibadilika nayo hubadilika. Mkulima wa korosho atanielewa: ukipanda miche iliyobebeshwa kutoka mti mmoja, tofauti ya mavuno italetwa na palizi, salfa na udongo. Ukichanganya mbegu za kila aina ukazihudumia sawasawa, tofauti italetwa na mbegu.

Ndicho alichokikuta mwanasaikolojia Eric Turkheimer na wenzake, mwaka 2003, kwa mapacha wa miaka 7 huko Marekani. Katika familia maskini, tofauti za alama za vipimo vya akili zilitokana zaidi na mazingira, na mchango wa jeni ulikaribia sifuri. Katika familia zenye uwezo ilikuwa karibu kinyume chake. Tafiti za Ulaya Magharibi na Australia hazikuona pengo hilo, na baadhi ya wataalamu wanahisi ni kwa sababu huduma za shule na afya huko huwafikia watu kwa usawa zaidi.

Sasa rudini Newala. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufanyika Oktoba, korosho zinapodondoka, na wapo watoto wanaokuwa shambani wakiokota badala ya kuwa darasani. Wengine huja bila kuonja kitu tangu jana. Mimi siwezi kumwangalia mtoto mwenye njaa nikasema hiki ndicho kipaji alichopewa na ukoo wake.

Naziomba kamati za shule zikubaliane na wazazi mchango wa uji kabla msimu haujaanza, wakati bado tunaweza kukutana. Na kila anayeandikishwa darasa la kwanza apimwe macho na masikio kabla hatujampangia dawati.

Mwalimu, Newala, Mtwara